Kahaso Si Dada Yangu

“Weka hilo karai chini, Kahaso, unisikilize vizuri. Thoya si mchumba wako. Thoya ni kakako.”

Kahaso hakuliweka. Viazi vilikuwa vinaelea kwenye mafuta, vimeanza kushika rangi, na kiazi cha karai ukikipa mgongo kitakukomesha. Alivigeuza kimoja kimoja, akacheka.

“Shangazi, leo umeamkia utani.”

“Mimi na wewe hatuna utani. Wa utani na wewe ni hawe yako, nyanya mzaa babako, na yeye ndiye aliyetuletea haya, naye keshalala kaburini anastarehe.”

Hapo Kahaso akainua macho. Shangazi Kavumbi alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini leo alikuwa anayatoa machache, tena amesimama mlangoni ameshika simu ya kakake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Mzee Chengo, babake Kahaso na kakake Kavumbi, alikuwa ameiacha simu hiyo nyumbani asubuhi alipokwenda kwenye mashamba ya chumvi. Ikalia. Aliyepiga ni Kazungu, babake Thoya, kutoka Ganze. Nyumba nzima ilikuwa inaingojea simu hiyo, maana Kazungu ndiye wa kutaja siku ya kuja Gongoni kumposa Kahaso.

“Alisema nini hasa?” Kahaso aliuliza.

“Mtandao ulikuwa mbovu, anakatika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Lakini haya niliyasikia kwa masikio yangu. Alisema: ‘Thoya na Kahaso walishapendana, wakakubaliana. Sisi watoto wao tutapinga nini? Mimi na Chengo sasa ni damu moja.’ Kisha ikakatika kabisa.”

“Sasa hapo ubaya uko wapi?”

“Hujaelewa? Thoya ni jina la babake Kazungu. Kahaso ni jina la mamangu mimi, hawe yako, ndilo ulilopewa. Wazee hao walipendana, wakamzaa Kazungu! Halafu mamangu akaja kwa babangu, akatuzaa mimi na Chengo. Kazungu ni ndugu yetu wa tumbo moja. Na mwanawe ni nani kwako?”

“Kwani hawe aliwahi kuolewa kwingine?”

Shangazi Kavumbi akaangalia nyuma, akashusha sauti.

“Aliwahi. Huko huko Ganze. Akaachika, akaja huku. Jina la mume hakulitaja, na ukimuuliza anakutupia mchi. Nimeishi na neno hilo tangu usichana wangu, nikijua siku moja litabisha hodi. Leo limebisha.”

Viazi viliungua. Siku hiyo ndiyo ya kwanza Kahaso kuunguza viazi tangu aanze kuviuza.

Mzee Chengo aliporudi, miguu imemkauka kwa chumvi, dada yake alimweleza yote kabla hajavua kofia. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kamba.

“Nimpigie Kazungu,” alisema.

“Umuulize nini?” shangazi akamrukia. “Kwamba mama yetu alilala kwa babake? Utaanzia neno gani? Mwenzako amekwambia kwa adabu, kwa mafumbo, ili asituaibishe. Na wewe umrudie umwambie fafanua?”

“Baba,” Kahaso alisema polepole, “hata kama ni kweli. Wale wafalme wa Ulaya tunaowatazama kwenye video si wameoana wenyewe kwa wenyewe? Bi Viktoria wa Uingereza aliolewa na mtoto wa mjombake. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ukapiga makofi.”

“Nilipiga makofi kwa sababu ya gauni.”

“Baba!”

“Mama, nisikilize.” Mzee Chengo alizoea kumwita bintiye mama. “Hao ni Wazungu. Na yule alikuwa mtoto wa mjomba, ukoo mbali na ukoo mbali. Nyinyi mnatoka tumbo moja la hawe mmoja. Hayo huku yanaitwa maphingani, ndugu kulala na ndugu, na nyumba iliyofanya hivyo haioni mvua wala mtoto. Nampenda yule kijana. Wallahi nampenda. Lakini siwezi.”

“Na umewaona hao wafalme wako walivyoishia?” shangazi aliongeza. “Binamu kwa binamu, wakaichoma dunia nzima.”

Kahaso hakubishana. Si mtu wa kubishana. Tangu shuleni, huko darasa la nane alikoishia, alikuwa ni mtoto wa kukaa nyuma na kuangalia. Aliingia ndani, akatoa simu yake chini ya mto, akakuta ujumbe wa Thoya umeshafika.

*Shangazi yako amekuja hapa kwenye banda la video. Ameniambia. Sijui niandike nini.*

Akaandika: *Umemuuliza babako?*

*Simu yake imezimwa, huwa anaipeleka dukani kuchaji. Na nikimpata nitamuulizaje? Kwamba babake alikuwa na mke mwingine?*

*Thoya.*

*Kuna jamaa Lamu ana kazi ya ujenzi. Nitaonyesha sinema ya Jumapili, halafu niondoke. Nisamehe, dada.*

Alilisoma neno hilo la mwisho mara nyingi. Dada. Watu wote wa Gongoni walimwita dada: dada nipe viazi, dada ongeza pilipili. Thoya peke yake hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Thoya alikuwa DJ wa video. Si wa muziki. Alikaa kwenye kijichumba cha mabati pembeni ya pazia, ameshika kipaza sauti, na filamu ya Kizungu ikipita yeye huitia maneno ya Kiswahili, akichanganya na Kigiriama pale inapobidi kuchekesha. Vibarua wa chumvi walikuwa wanakuja kwa ajili ya sauti yake, si kwa ajili ya picha. Mwaka huu mwenye banda la video alikuwa ameleta filamu ndefu ya wafalme wa Ulaya wa zamani, na kila mtu alisema haitauzika. Hakuna bastola, hakuna karate, watu wanakaa mezani tu wakinywa supu.

Usiku wa kwanza Thoya alitoka jasho. Akaja kwenye meza ya Kahaso nje ya mlango, akaomba chai ya tangawizi, sauti imemkauka.

“Nimepotea,” alimwambia. “Kila mtu ana masharubu na kila mtu ni binamu. Nimemwita mmoja mjomba, kumbe ni mkwe.”

“Yule wa Ujerumani, Kaiza, na yule Joji wa Uingereza,” Kahaso alisema huku akimimina, “mama wa Kaiza na baba wa Joji ni ndugu, watoto wa Bi Viktoria. Kwa hivyo mama wa Kaiza ni shangazi ya Joji.”

“Eeh.”

“Na yule Nikolai wa Urusi, mama yake na mama wa Joji ni dada na dada. Hao kwetu si binamu, ni ndugu kabisa. Mama mkubwa na mama mdogo. Ndiyo maana wanafanana kama pacha.”

“Umejuaje, na wewe unatazamia mlangoni?”

“Nimeangalia nani anambusu nani wapi. Shangazi habusiwi kama mama mdogo.”

Thoya aliweka kikombe chini.

“Kesho usikae mlangoni,” alisema. “Kaa karibu nami.”

Ndivyo yalivyoanza. Thoya akawa anawaeleza watu sinema ile kama habari za boma moja: Bi Viktoria ndiye hawe, wajukuu wametawanyika kila mji wameshika viti, huyu kaolewa kule, yule kaoa huku. Banda likajaa. Na kila alipokwama, alifunika kipaza sauti kwa kiganja akanong'ona, “Huyu nani tena?” na Kahaso akamnong'oneza. Miezi ya kunong'onezana haiwaachi watu wawili kama ilivyowakuta.

Kwa hiyo Jumapili ile, Kahaso alibeba viazi vyake akaenda. Shangazi alimwuliza anakwenda kufanya nini. Akasema anakwenda kuuza. Hakuwa anadanganya sana.

Jua lilikuwa kali, mabati yanalia. Hakukaa karibu na Thoya. Alikaa mlangoni, mahali pake pa zamani. Thoya alimwona, akainamisha kichwa, akawasha kipaza sauti.

“Haya jamani, leo ni sehemu ya mwisho,” alisema, na hata watu wa nyuma walisikia kwamba sauti haikuwa yake. “Huyu ni Kaiza Vilhelmu.”

“DJ!” Karisa alipiga kelele kutoka benchi la mbele. Karisa ni kibarua wa kupakia chumvi, na hakuna sinema aliyowahi kuitazama kimya. “DJ, Vilhelmu si alikufa juzi? Tulimzika! Mzee wa ndevu nyeupe!”

“Aliyekufa ni Vilhelmu babu. Huyu ni Vilhelmu mjukuu. Amepewa jina la babu yake.”

“Na katikati yao kuna nani?”

“Katikati kuna Fredi. Mtoto wa yule, baba wa huyu. Alikalia kiti kidogo tu, akafa kwa maradhi ya koo.”

“Sasa Fredi akimwita mwanawe ale, anasemaje?”

Watu wakaanza kucheka. Thoya naye, bila kutaka, akacheka kidogo. Kazi ni kazi.

“Angekuwa Mgiriama angesema, ‘Baba, njoo ule, wali unapoa.’”

“Na akitaka kuoa?”

“Angewaambia watu, ‘Jamani, baba anataka mke, mimi mwanawe niseme nini?’”

Banda lilicheka mpaka vumbi likaruka. Mwanamke mmoja akasema, “Kumbe Wazungu nao ni watu!” Mzee mmoja akajibu kwamba vita vya hao mabinamu ndivyo vilivyowaleta Waingereza huku kutaka vijana wa Kigiriama wakabebe mizigo ya jeshi, na mababu wakakataa, kwa hivyo asiwaonee huruma sana.

Kahaso hakusikia tena. Alikuwa amesimama, sahani ya viazi mkononi.

*Baba anataka mke, mimi mwanawe niseme nini.*

*Sisi watoto wao tutapinga nini.*

Aliiweka sahani juu ya mapaja ya mtu asiyemjua, akapita katikati ya mabenchi, watu wakimzomea kwa kuwazibia picha, mpaka kwenye kijichumba cha mabati. Thoya aliposhtuka kumwona, aliangusha kipaza sauti mapajani.

“Kahaso, usi... dada, tulikubaliana...”

“Babako hukuita nani?”

“Nini?”

“Ukiwa nyumbani. Babako akikuita, anakuita nani?”

“Ananiita baba. Si nimepewa jina la babake? Tangu nizaliwe sijamsikia akisema Thoya hivi hivi.”

“Na babangu huniita mama.”

Thoya alimwangalia. Yeye ni mwepesi wa maneno lakini mzito wa kuunganisha. Kahaso alimngojea, kama alivyozoea.

“Thoya na Kahaso walishapendana,” Kahaso alirudia taratibu, kidole kwa kidole. “Sisi watoto wao tutapinga nini. Babako ni mtu wa mzaha?”

“Babangu? Hawezi kuomba chumvi bila mzaha.”

“Basi hao wazee waliopendana ni mimi na wewe.”

Thoya akaishika simu, akapiga, akaweka sauti ya nje ili wote wawili wasikie. Nje watu walianza kulalamika: “DJ! Na picha je?” Hakuna aliyewajali.

Simu ikaita. Ikaita tena.

“Halo! Baba!” sauti nene ikapokea. “Umenipata kwa bahati, ndio natoka kuichaji. Mbona hao wakwe wako wamenyamaza? Nimepiga, nikampata mwanamke mmoja, nikamweleza vizuri, akapiga kelele ‘Uuuwi!’ mtandao ukafa. Ndivyo mnavyofurahi huko?”

“Baba, shikamoo. Nataka kukuuliza jambo, usikasirike.”

“Marahaba, uliza.”

“Babu... babu Thoya, alikuwa na mke mwingine? Anaitwa Kahaso?”

Kahaso alisogeza sikio karibu na simu.

“Mke mwingine?” Kazungu alisema. “Ngoja. Hilo usiniulize mimi. Mwenyewe yuko hapa anapukuchua mahindi. Mama! Mama Mbeyu! Huyu mumeo anauliza kama ulikuwa na mwenzio.”

Zikasikika punje zikimwagika kwenye sinia, kisha sauti ya kizee, nyembamba na kali.

“Nani anauliza?”

“Ni mimi, hawe. Thoya.”

“Ah, mume wangu! Umenitupa huku na njaa, maji tunayafuata mwendo wa nusu siku, na wewe unakula samaki. Unauliza nini?”

“Hawe, babu alioa wangapi?”

“Alinioa mimi. Alinikuta kigori, akanipenda, akanyamaza. Kuongeza angeongeza na nini, na mimi nilikuwa nampiga? Thubutu! Babako nimemzaa mimi, hapa hapa, nikishikilia mguu wa kitanda. Nani anasema vingine nije nimzabe?”

“Hakuna, hawe. Kulikuwa na...”

“Na huyo Kahaso wanayenisimulia yuko wapi? Mpe simu.”

Thoya akaisogeza simu. Kahaso akapiga magoti bila kujua, kwenye sakafu ya mchanga.

“Shikamoo, hawe.”

“Sina marahaba ya mke mwenza. Wewe ndiye unaninyang'anya mume?”

Kahaso alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

“Ni mimi, hawe.”

“Unajua kupika?”

“Najua.”

“Huyo mume wetu anakoroma. Umeambiwa?”

“Sijaambiwa, hawe.”

“Basi mimi nimekwambia. Mgeuze ubavu. Na ukija, njoo na ugoro wa Malindi, huu wa huku hauna nguvu. Hapo ndipo nitakuachia zamu yako.”

Nje kukapasuka kicheko kama paa limeanguka. Thoya akaangalia chini. Taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa inawaka pale pale mapajani mwake, na banda lote, kuanzia “babako hukuita nani” mpaka ugoro, lilikuwa limesikia kila neno kwenye spika mbili kubwa. Kwenye pazia Kaiza alikuwa anapanua mdomo akitangaza vita, na hakuna aliyekuwa na habari naye.

“DJ!” Karisa alinguruma. “Unakoroma?”

“Oa, DJ! Oa leo!” wanawake wakapiga vigelegele.

Thoya hakuzima. Alikiinua kipaza sauti mdomoni, mkono wa pili umemshika Kahaso bega.

“Jamani,” alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi, “Kahaso si dada yangu.”

Karisa alikwisha kutoka mbio. Alipofika kwa Mzee Chengo hakuwa na pumzi ya kueleza, kwa hiyo alieleza nyuma mbele: kwanza kwamba DJ anakoroma, halafu kwamba kuna bibi mkali anataka ugoro, na mwisho kabisa kwamba Kazungu kazaliwa na mama yake mwenyewe.

“Pole pole, Karisa,” Mzee Chengo alisema. “Mtu hawezi kuzaliwa na mama asiye wake.”

“Ndivyo wanavyosema wote, mzee!”

Kahaso na Thoya walipowasili, mzee alikuwa tayari ameshika simu sikioni. Safari hii hakumngojea dada yake ampe ruhusa. Walisimama uani wakimsikiliza.

“Kazungu, mwenzangu... Ndiyo... Hapana, alikuwa dada yangu... Alipiga kelele kwa sababu... Ngoja nikueleze, lakini ukae chini kwanza.”

Akaeleza. Upande wa pili kikatoka kicheko ambacho kuku walikikimbia. Mzee Chengo alikiweka kicheko kile sikioni mpaka na yeye kikamwambukiza, akacheka mabega yakiruka, machozi yakichuruzika kwenye mikunjo ya uso. Kahaso hakukumbuka kuwahi kumwona babake akicheka hivyo tangu mamake afariki.

“Damu moja! Eti ulisema damu moja!”

“Si wakizaa mtoto tutakuwa damu moja?” sauti ya Kazungu ilisikika. “Nilitaka kuongea vizuri, kama watu wazima!”

“Usiongee vizuri tena. Ongea kawaida.”

Shangazi Kavumbi alikuwa amekaa pembeni ya jiko, amejifunika leso mpaka puani.

“Lakini nilisikia kwa masikio yangu,” alisema.

“Ulisikia, dada,” Mzee Chengo alisema kwa upole. “Ulisikia vizuri. Tatizo ni kwamba ulikuwa umeshasikia kabla hajasema.”

Kahaso alimwendea, akachuchumaa mbele yake. Mtu mwingine angemshangilia, au angemnunia wiki nzima. Kahaso aliona kitu kingine: shangazi alikuwa anaifunga na kuifungua ncha ya leso.

“Shangazi, uliogopa nini?”

“Nimekulea tangu mamako atutoke, mwanangu. Niliogopa uolewe, uzae, halafu mtu aje aseme. Nikasema bora nikuvunje moyo mimi, leo, kuliko uvunjwe na watu.” Akafuta pua kwa leso. “Na yule mume wa kwanza wa mama bado simjui.”

“Acha hawe alale na siri yake huko aliko,” Kahaso alimwambia. “Mradi si babu yake Thoya.”

“Si babu yake,” shangazi alikubali, kisha akamgeukia Thoya aliyesimama uani hajui aweke wapi mikono. “Na wewe! Nimekuambia mara moja tu ni dadako, ukafunga mzigo kwenda Lamu? Hukupinga? Hukulia? Mwanaume gani wewe?”

“Nililia, shangazi.”

“Ulilia wapi, sikukuona?”

“Nilijificha, usije ukalitangaza na hilo.”

Hata yeye akacheka.

Wageni wa Ganze walifika Jumamosi iliyofuata: Kazungu, wazee wawili wa ukoo wake, na hawe Mbeyu, ambaye alikataa kabisa kubaki. Walikuja na kadzama, tembo la mnazi la kuposea, ndani ya kibuyu kilichofunikwa jani. Wakaulizana koo zao tena, kwa utaratibu, jina kwa jina, baba kwa baba na mama kwa mama, na kila jina lilipojirudia mzee mmoja aliuliza, “Huyo ni wa kale au wa leo?” na watu wakaziba midomo. Walipoona hakuna mahali damu inapogusana, kibuyu kikawekwa katikati ya mkeka.

Hakuna aliyekigusa.

“Mwiteni mwenyewe,” Mzee Chengo alisema.

Kahaso akatolewa ndani, amevaa leso mpya, shangazi Kavumbi pembeni yake. Akakaa chini, macho mkekani.

“Mama,” babake alisema. “Kuna watu hapa wameleta mnazi. Mimi nina kiu, lakini siwezi kuunywa kwa kiu yangu. Siku zote hizi tumesemezana sisi: nimekataa mimi, ameogopa shangazi, amecheka Kazungu. Wewe hakuna aliyekuuliza. Hawa watu unawajua? Tunywe?”

Kahaso aliinua uso akamtazama Kazungu, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote mdomoni. Akamtazama hawe Mbeyu, aliyekuwa amemkodolea macho kama mtu anayepima kuku sokoni. Akaangalia kwa Thoya. Alikuwa amekaa nyuma ya wazee, jasho linamtiririka kama usiku ule wa kwanza wa wafalme, midomo inacheza bila sauti, na mtu aliyezoea kuwasemea watu wote maneno yao sasa hakuwa na uwezo wa kumsemea yeye.

Kazungu akakohoa. Shangazi akamfinya kidogo kiunoni.

“Usinifinye, shangazi,” Kahaso alisema. “Nataka niyaseme taratibu, wasije wakayasikia vibaya.”

Akakivuta kibuyu, akakifunua, akakiinua kwa mikono miwili mpaka kwa babake.

“Nawajua, baba. Na yule pale nyuma nampenda. Mimi Kahaso wa leo. Kunyweni.”